Nchi Isiyoipa Taa Kisogo

Kaeni mviringo, kila mmoja aone uso wa mwenzake. Hadithi hii haipendi watu waliokaa safu. Na aliye karibu na taa apunguze utambi kidogo, tupate kuonana bila kuumizana macho.

Alikuwapo mwanamke akiitwa Bi Siwatu, mama wa mtoto mmoja tu, Zamzam. Huyo Zamzam aliolewa na mtu wa nchi ya Uelekeo, akaenda kukaa huko kwa mumewe, na habari zake zikawa zinafika kwa midomo ya wapita njia. Amejifungua mtoto wa kike. Mtoto ameitwa Mashavu. Mtoto anatembea, ameota meno, meno yameanza kung'oka. Kisha siku moja akaja mchuuzi wa chumvi, akakataa kiti, akakataa hata maji, akasema, "Bi Siwatu, mwanao anakusalimu. Anasema njoo umwone mjukuu wako, naye angali anaweza kukuona."

Bi Siwatu hakuuliza zaidi. Alifunga kanga na mikate kwenye kifurushi, akaenda. Ya njiani tuyaache, njia ni njia.

Nchi ya Uelekeo imekaa chini ya ukungu. Jua haliwafikii. Mchana wao ni kama maji yaliyooshewa mchele, na jioni yao ni maji yaleyale yaliyotiwa masizi. Mbele kabisa, juu ya jabali lililoingia baharini, kuna Taa. Si kubwa ya kushangaza, ila ni nyeupe mno, na haizimwi. Kila nyumba ina mlango mmoja, na mlango huo unaielekea Taa. Nyumba hazina uani. Mtu akielekea jabali hutembea kama sisi tutembeavyo. Akirudi, hurudi kinyumenyume, akipapasa ardhi kwa visigino, na visigino vya watu wale vinaijua njia kuliko macho yao.

Mpakani alikaa mlinzi, ameupa mpaka mgongo.

"Hodi," akasema Bi Siwatu.

"Karibu, mama. Sauti ni ya mtu mzima, shikamoo," akajibu mlinzi bila kugeuka. "Waja kwa heri?"

"Marahaba, baba. Kwa heri. Nakuja kumwona mjukuu wangu."

"Sheria yetu ni moja. Akupaye kisogo si mwenzio. Huko kwenu si mnasema hivyo?"

"Twasema."

"Basi nyinyi mnasema, sisi tunatenda. Usiipe Taa kisogo."

Bi Siwatu alikiangalia kichwa kile kilichonyolewa vizuri. "Na wewe, baba, ukikaa hivi, utamjuaje mbaya akija?"

Mlinzi akafikiri. "Bado hajaletwa mbaya yeyote mbele yangu," akasema.

Kando yake palikuwa na kigoda kitupu. Bi Siwatu akauliza ni cha nani. "Cha mwenzangu," mlinzi akasema. "Ametangulia." Kisha, kwa kuwa alisikia pumzi za mzee aliyechoka, akasukuma kata ya maji kwa kisigino mpaka ikafika miguuni pa mgeni. Bi Siwatu akanywa. Akaona kwamba hata huku wema upo, ila umefundishwa kupita nyuma nyuma.

Zamzam alikuwa amesimama mlangoni mwa nyumba yake, uso kwenye Taa. Aliposikia nyayo akanyoosha mkono nyuma, akapapasa, akaushika mkono wa mamake, akaushikilia sana. Hakugeuka. Walikaa barazani bega kwa bega, na Bi Siwatu akawa anaongea na shavu moja la mwanawe. Lilikuwa limekonda.

Ndipo mtoto akatoka ndani. Alikuja moja kwa moja, akasimama mbele ya bibi yake, Taa ikiwa nyuma yake kabisa, akamtazama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mama yangu."

"Kumbe una upande wa pili," akasema Mashavu.

"Mashavu, geuka," Zamzam akasema kwa sauti ndogo. "Watakuona."

"Si wameshaniona?"

Bi Siwatu akamvuta mtoto akamweka magotini, uso kwenye Taa, ili mama mtu apumue. Kisha akauliza yuko wapi baba mtu, Vuai, maana tangu aingie hakusikia kikohozi cha mwanamume.

"Ametangulia, mama."

"Lini? Alikuwa mgonjwa?"

"Hakuwa mgonjwa. Tulikuwa kwenye Kusimama." Akaeleza. Kila jioni nchi nzima hutoka ikapanga safu uwanjani chini ya jabali, nyuso juu, macho kwenye Taa, mpaka ngoma ilie. "Tulikuwa safu moja kabla ya ya mwisho. Vuai alikuwa nyuma yetu, ameweka mkono juu ya bega la mtoto."

"Nyuma yenu?"

"Nyuma yetu."

"Sasa, mwanangu, aliye nyuma hutanguliaje?"

"Ndivyo tunavyosema," akajibu.

Kosa la Mashavu lilikuwa hilo. Mkono wa babake ulipoondoka begani, yeye aligeuka kumtafuta. Watoto wote huhisi mikono ikiondoka, ila huyu aligeuka.

"Ulimwona baba?" Bi Siwatu akamuuliza sikioni.

"Sikumwona. Niliona pale alipokuwa."

"Palikuwa na nini?"

"Paliloa," akasema mtoto.

Basi mtoto alishtakiwa kwa kosa la kisogo. Hukumu yake huitwa kuelekezwa. Mtu hupelekwa chini ya Taa, kope zake zikafungwa kwa uzi kwenye kitambaa cha kipajini zisifumbe, akaachwa hapo jioni mpaka asubuhi. Akitoka, macho yake huwa meupe kama ya samaki aliyechemshwa, na hageuki tena, maana hana cha kugeukia. Kwetu sisi mwelekevu ni mtu afahamuye mambo kwa wepesi. Kwao mwelekevu ni huyo. Humheshimu, humpa kiti cha mbele, naye huchaguliwa kuwa mkubwa wa wengine. Mwelekezi Mkuu wa nchi ile, Bwana Sururu, alikuwa na macho hayo.

Hukumu husomwa kwenye sikukuu ya Kutotoa, siku ya mayai kuanguliwa, nayo ilikuwa imekaribia.

Siku hiyo watu walijaa uwanjani. Waliletewa bakuli la kioo lenye maji ya bahari, na ndani yake kambakoche jike, mwenye magando makubwa kuliko ya kaa, mayai yamejazana chini ya mkia wake kama zabibu nyeusi. Likawekwa juu ya jiwe. Watu wakangoja kimya. Baadaye jike akainua mkia, akaupepea, na mayai yakaanza kupasuka. Vikatoka vitoto kama vumbi lenye macho. Na kila kilichotoka, kabla hakijajua maji ni nini, kilikimbilia upande wa bakuli unaoielekea Taa, kikabaki hapo kikipiga vijiguu kwenye kioo. Upande ule ukawa mweusi kwa macho yao. Upande wa pili ukabaki maji matupu.

Watu wakalia. Bi Siwatu mwenyewe alisogea karibu atazame, maana kilikuwa kitu kizuri kukiona.

"Nani amewafunda?" akauliza Bwana Sururu.

"Hakuna," wakaitikia.

"Nani amewachapa?"

"Hakuna."

"Basi kizaliwacho huiendea nuru. Asiyeiendea hajazaliwa sawasawa. Mleteni mtoto."

Mashavu akaletwa. Bwana Sururu akapapasa kichwa chake kwa upole, kama babu yeyote. Bi Siwatu aliuona upole huo, akaogopa zaidi.

"Hatumwadhibu," akasema Bwana Sururu. "Tunamwelekeza. Leo jioni."

Bi Siwatu akasimama. "Baba, nimesikia nyinyi mnatenda yale ambayo sisi tunasema tu. Kwetu husemwa, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi ni mgeni katika nyumba ya mtoto huyu."

Minong'ono ikapita kwenye safu. Wazee wa baraza wakainamiana, bega kwa bega, wakakubaliana kwamba neno hilo nao wanalo, na kwao neno likishasemwa ni sheria. Maadamu mgeni yumo nyumbani, mwenyeji apone.

"Basi nitakaa," akasema Bi Siwatu.

Watu walipotawanyika kinyumenyume, alimwona mtumishi akilibeba bakuli kwenda kulimwaga juu ya mawe makavu.

"Mwanangu, wataka kumwaga?"

"Ndiyo desturi, bibi. Wakishaelekea kazi yao imekwisha. Jike tunamrudisha baharini, hawa tunawamwaga."

"Nipe mimi. Miguu imenivimba, nitaikanda kwa maji ya chumvi."

Akampa, akafurahi kupunguziwa mzigo. Bi Siwatu hakukanda miguu. Ni kwamba hakuweza tu kuona vitu vilivyozaliwa asubuhi vikimwagwa kabla ya adhuhuri. Aliwatia kwenye mtungi mpana, akatupa ndani vigae vichache vya chungu kilichovunjika, akauweka mtungi chini ya kitanda. Kila siku Mashavu alileta maji mapya ya bahari, na bibi aliwasagia kiini cha yai kiasi cha ncha ya kidole.

Baraza nalo halikulala. Kuna neno jingine: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Akishapokea jembe si mgeni tena. Wakamtuma mjumbe na jembe jipya. Bi Siwatu alikuwa amekaa ndani, kwenye kona ya mwisho ya chumba, uso kwenye mlango. Mjumbe akaingia kinyumenyume, jembe mkononi.

"Mama, jembe lako hili. Sogea mbele ulipokee."

"Magoti yananiuma, baba. Nigeukie tu unipe."

"Siwezi kugeuka."

"Nami siwezi kusogea."

Mjumbe akarusha mkono nyuma huku na huku, akapiga kabati, akapiga mtungi wa maji ya kunywa, nusura ajikate kisigino. Akaenda zake. Kesho akaja mwingine, na kesho kutwa mwingine. Baraza likajadili kama jembe lililowekwa chini karibu na mtu limepokelewa, na kama limepokelewa, je, ni na mtu au ni na sakafu. Mjadala huo uliwachukua muda, na Mashavu akapata muda.

Wakati huohuo mle mtungini mambo yalikuwa yakigeuka. Mwanzoni Mashavu akishika kibatari juu ya mtungi, vitoto vyote vilipanda juu vikamkimbilia. Akicheka, navyo vinacheza. Wakalana wao kwa wao, wakapungua. Paka wa jirani naye alijifunza njia. Alikuja kila kibatari kilipowashwa, akatia ukucha majini, akachota waliojazana juu kwenye mwanga. Waliosalia wakajivua ngozi, wakajivua tena, wakaota magando madogo kama kucha za mtoto mchanga. Na jioni moja Mashavu alishika kibatari, hakuja hata mmoja. Wote waliupa mwanga visogo, wakashuka, wakaingia chini ya vigae, na kila mmoja akatoa ncha za sharubu tu.

Mtoto akauchungulia mtungi. Kisha akauliza, "Bibi, na hawa nao wamekosa?"

"Hawakukosa, mama. Wamekua."

Bi Siwatu hakulala vizuri baada ya hapo. Alijua amekaa na kitu ambacho nchi ile haijawahi kukiona, kwa kuwa siku zote walimwaga bakuli mapema. Akafikiri, hawa si watu wabaya, wakionyeshwa wataona. Akajitwisha mtungi, akaenda barazani.

Wazee walikaa safu moja, wakiielekea Taa. Aliuweka mtungi mbele yao, akaufunika kwa kanga, kisha akaifunua ghafla, mwanga ukaingia.

"Niambieni kuna nini," akasema Bwana Sururu, naye haoni.

Mzee wa kando yake akainama, akatazama. "Wameingia chini ya vigae, Bwana."

"Wote?"

"Wote."

Mmoja akasema ni mtungi, mtungi ni mweusi, umewafundisha weusi. Mwingine akasema ni chakula. Amewalisha yai la kuku, na kuku hulala na giza. Wa tatu, mwenye sauti ya woga, akauliza kama wale wote waliomwagwa miaka yote nao wangekuja kuwa hivi. Huyo aliambiwa asogeze kiti chake karibu na Taa. Mwisho wakaazimia kwamba kuanzia sikukuu ijayo bakuli limwagwe mapema zaidi.

Bwana Sururu peke yake akauliza polepole, "Mama, waliopenda kukaa juu, kwenye mwanga, wako wapi?"

"Hao walikwenda kwanza, baba. Paka aliwachota."

"Walimwona akija?"

"Hawakumwona. Walikuwa wanatazama taa."

Mzee yule akauinamia mtungi. Alifungua mdomo, na kwa kitambo kidogo Bi Siwatu alidhani atasema. Kisha uso wake ukafunga, kama mlango ambao mwenye nyumba ameuegemea kwa ndani.

"Mgeni hasemi katika baraza," akasema. "Umesema, basi umekuwa mwenyeji. Mtoto ataelekezwa leo."

Jioni hiyo Bi Siwatu alisimama safu ya mwisho, maana anayekwenda kuelekezwa huanzia nyuma, kisha hupita katikati ya watu wote. Mbele yake Zamzam. Kati yao Mashavu, amekumbatia mtungi, amekataa kuuacha nyumbani. Kulia kwa Bi Siwatu alikuwa mwanamume mmoja mnene aliyekuwa akinong'ona dua, na kila alipomaliza alimsaidia Bi Siwatu kwa kiwiko, asichoke kusimama.

Taa ilikuwa nyeupe. Watu hawakukohoa. Nyuma hakukuwa na kitu, ila ukungu. Na ndani ya ukungu, kama mtu anayekunywa uji wa moto taratibu asiungue, kitu kilikuwa kinavuta pumzi.

Dua ikakatika katikati ya neno. Kile kiwiko kikaondoka. Bi Siwatu akatupa jicho chini. Ndara za yule mwanamume zilikuwa palepale, pamoja, zimeielekea Taa, na ardhi kuzunguka imeloa.

"Ametangulia," safu ya mbele ikanong'ona, na neno likapita safu kwa safu mpaka jabalini. Sauti ya Bwana Sururu ikashuka kutoka juu, tulivu: "Sogeeni pamoja. Nafasi ipo."

Bi Siwatu akageuka.

Kuhusu alichokiona hakupenda kuulizwa. Alisema tu kwamba si watu peke yao walioielekea Taa. Na kwamba kilikuwa na subira.

Akamshika Zamzam mkono. "Geuka, mwanangu."

"Mama, Taa."

"Taa haiendi popote. Mtoto ndiye atakayekwenda."

Ngoma ikaanza kumwita Mashavu. Zamzam alisimama kama mti, shingo imekaza, shingo iliyokaa upande mmoja tangu siku ya harusi yake. Kisha, polepole, kwa maumivu, ikageuka. Macho yake yaliteremka kutoka kwenye weupe ule, yakatafuta gizani, yakampata mtoto. Kwa mara ya kwanza alimwona uso mzima.

"Una kidoti," akasema. "Shavu hili."

"Kipo siku zote, mama," akasema Mashavu.

Wakashikana mikono, wakatoka katika mwanga. Ukutani mwa ukungu walipishana na kitu kirefu, kibichi, chenye ubaridi wa kisima. Kilipita karibu mno hata kanga za Bi Siwatu zikaloa upande mmoja. Hakikuwagusa. Kilikuwa kinatazama Taa. Wao wakaenda, visogo nyuma, nyuso mbele, wakikanyaga ardhi kwa vidole kama watu wanaojifunza.

Penye mawe ya pwani Mashavu aliinamisha mtungi. Vitoto viliingia majini, havikutazama juu, kila kimoja kikatafuta jiwe lake. Akangoja mpaka sharubu ya mwisho ikafichama.

Walipofika mpakani, vigoda vyote viwili vilikuwa vitupu. Lakini kata ya maji ilikuwa imejazwa mpaka mdomo, imesukumwa nyuma, pale ambapo mtu anayetoka ataikuta. Wakanywa, mtoto kwanza.

Huku kwetu majirani walikuja kumpa Zamzam pole. Mzee mmoja akamshika Mashavu kichwa, akamwambia asihuzunike, baba ametangulia tu.

"Hakutangulia," mtoto akasema. "Alikuwa nyuma yangu."

Yangu ni hayo. Sasa mwende mkalale, na yule atakayetangulia kutoka mlangoni ageuke kidogo, amwone anayemfuata.